Mwalimu wangu hataki nijiunge na okestra ya muziki mwepesi. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mpiga viola, ile ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla. Tangu nimalize chuo cha muziki sijawahi kupata kazi ya kudumu. Naishi kwa vibarua. Wiki hii okestra fulani imepungukiwa na mtu, wananiita. Wiki ijayo napiga harusini. Inayofuata hakuna kitu, nakaa nyumbani kusubiri simu. Jioni nafundisha watoto ili kodi ya nyumba ilipwe.

Usaili wa okestra kubwa za simfoni nimeufanya mpaka umekuwa sehemu ya maisha yangu. Unapiga nyuma ya pazia, hawakuoni wala huwaoni, na vipande ni vilevile kila uendako: ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, halafu ile Scherzo ya Mendelssohn ambayo upinde ukitetereka kidogo tu kila mtu anasikia. Mara kadhaa nimefika raundi ya mwisho. Hivi karibuni tulibaki wawili, na aliyechukuliwa ni rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Lakini tamasha la okestra yao likipigwa redioni nazima.

Sasa nimepata kazi, Shangazi. Ni okestra ya muziki mwepesi: walzi, muziki wa filamu, nyimbo za maigizo ya jukwaani, na rekodi za redio. Mshahara kila mwezi, bima, likizo, na mwaka mmoja wa majaribio. Wamenipa wiki mbili niwajibu.

Nilimpigia simu mwalimu wangu nikidhani atafurahi. Mzee huyu amenilea kimuziki tangu nina miaka 12, na hakuna siku aliyonidai ada nilipokosa. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Huko ndiko wapigaji wanakoenda kuzikwa. Ukikaa miaka miwili, sauti niliyokupa itakuwa imekwisha." Tangu siku hiyo nikishika viola nayasikia maneno hayo. Mume wangu kwa upande wake anasema nikubali leo, amechoka kuishi kwa kukisia.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mkono wa kushoto umeanza kuuma, kuanzia kwenye kiwiko, na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi nikiwa na wiki yenye vibarua vingi. Naogopa kwenda kwa daktari. Ataniambia nipumzike, na mtu wa kibarua akipumzika jina lake linafutwa kwenye orodha.

Shangazi, nikubali? Nikikubali, nimwambie nini mwalimu? Na ni kweli kwamba ukishaingia huko hutoki tena?

Ni mimi,
Niliyekwama Katikati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwenye barua yako habari za mkono wako umeziweka mwishoni kabisa, kama kitu cha kuongezea tu. Mimi nitaanzia hapo, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili na mkono hauwezi.

Nenda kwa daktari wiki hii, kabla hujasaini popote. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho, pamoja na maumivu ya kiwiko, mara nyingi ni dalili ya mshipa wa fahamu unaobanwa pale kwenye kiwiko, na mpiga viola hukaa na kiwiko cha kushoto kimekunjwa na kupinduliwa ndani kwa saa nyingi. Sikupimi kwa barua. Ndiyo maana nasema daktari, na ikiwezekana anayejua wanamuziki. Mweleze uzito wa viola yako na urefu wake, umbo la kiegemeo cha bega unachofunga chini ya viola, na saa unazopiga. Nenda na ala yako akuone ukipiga. Likishughulikiwa mapema, tatizo la aina hii huwa na nafasi nzuri ya kutulia kwa kubadili mkao na kupanga mapumziko. Likiachwa, huweza kula nguvu ya mkono wenyewe.

Wala usione aibu. Uchunguzi mkubwa wa wanamuziki wa okestra za Marekani uliochapishwa mwaka 1988, uliohusisha zaidi ya wapigaji 2,000, ulikuta asilimia 76 wana angalau tatizo moja la kiafya lililokuwa zito kiasi cha kuathiri upigaji wao. Wengi wa hao uliokaa nao safu moja wanaumwa na wamenyamaza kama wewe. Kunyamaza huko ndiko kunakoharibu mikono ya watu.

Na sasa nikusimulie habari za mpiga viola mmoja. Eric Coates alizaliwa Uingereza mwaka 1886, akasomea viola kwa Lionel Tertis, mtu aliyeifanya dunia iiheshimu ala yako hii. Mwaka 1910 aliingia Queen's Hall Orchestra ya London chini ya kondakta Henry Wood, na miaka miwili baadaye akawa kiongozi wa viola. Mkono wake wa kushoto ukawa unamsumbua kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1919 mkataba wake haukuendelezwa, na viola akaiweka chini moja kwa moja. Akageukia kuandika muziki mwepesi, na akawa mmoja wa watunzi waliosikika sana kwenye redio ya Uingereza. Muziki wake mmoja wa mwaka 1930 unafungua kipindi cha BBC cha Desert Island Discs tangu mwaka 1942. Nakusimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu huyu alikuwa na jambo jingine la kushika mkono ulipokataa. Wewe una mkono huo tu, utunze. Ya pili, muziki ambao mwalimu wako anauita kaburi uliandikwa na watu waliokaa ndani ya okestra za simfoni, wakajua viola inasikika vipi kutoka ndani ya safu.

Hapo tumefika kwenye swali lako.

Ubaguzi huu kati ya muziki mzito na mwepesi huusikii sana kwa wanaopiga. Huusikia zaidi kwa wanaoandika juu ya wapigaji, na kwa walimu. Tazama Vienna Philharmonic. Tamasha lao la walzi na polka za familia ya Strauss (si Richard Strauss wa Don Juan) lilianza tarehe 31 Desemba 1939, na sasa hufanyika kila Januari mosi na kutazamwa duniani kote. Wanaolipiga ni walewale wanaopiga Wagner na Bruckner, na hakuna anayeingia okestra ile bila kwanza kutumikia opera ya taifa yao kwa miaka isiyopungua mitatu. Boston Symphony ilianzishwa mwaka 1881, na kufikia mwaka 1885 ilikwisha kuanza matamasha mepesi yaliyokuja kuitwa Boston Pops, ambayo mpaka leo hupigwa kwa sehemu kubwa na wanachama wa okestra hiyohiyo. Aliyeyaongoza kuanzia mwaka 1930 hadi alipofariki 1979, Arthur Fiedler, alianza kama mpiga nyuzi ndani ya Boston Symphony mwaka 1915, na viola ilikuwa mojawapo ya ala zake.

Lakini heshima ya majina makubwa haitakusaidia siku ya kwanza ya mazoezi, kwa hiyo nikuambie kazi yenyewe ikoje. Shangazi yako nimekaa fidla ya pili miaka mingi, na kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kuifanya pamoja na viola ni kile kinachoonekana rahisi kwenye karatasi: pigo la pili na la tatu la walzi. Besi inapiga moja, sisi tunajibu mbili na tatu. Kwa mtindo wa Vienna lile la pili linawahi kidogo, na la tatu linapata nafasi ya kupumua. Kiasi cha kuwahi hakiandikwi kwenye nota. Kinabadilika ndani ya ukurasa mmoja kutegemea melodia inakwenda wapi. Unapiga karibu na kishikio cha upinde, kwa urefu mdogo sana, unanyanyua, unatua tena, na watu kumi na zaidi lazima watue pamoja bila kumtazama kondakta, kwa sababu ukimtazama umechelewa. Mpigaji aliyetoka kushinda usaili kwa Don Juan anaweza kukaa hapo akaharibu safu nzima. Nimeyaona hayo, na wapigaji hao si wavivu. Hawajafundishwa kusikiliza kwa namna hiyo.

Au chukua okestra ya Mantovani. Baba yake alikuwa kiongozi wa fidla katika jumba la opera la La Scala, Milan, na yeye mwenyewe alianza kama mpiga fidla wa muziki wa klasiki. Mwaka 1951 mpangaji wake wa muziki, Ronald Binge, alizigawa fidla katika makundi kadhaa, kila kundi linachukua nota moja ya melodia na kuishikilia wakati kundi jingine linaingia na nota inayofuata, ili sauti isikike kama iko ndani ya kanisa kubwa lenye mwangwi. Hakuna kundi lililokuwa na melodia nzima mbele yake. Toni ya mmoja ikiwa juu kidogo, mwangwi wote unachafuka. Hiyo ni kazi ya sikio, mwanangu, na sikio likinolewa hivyo linabaki limenolewa hata ukirudi kwa Brahms.

Sasa nimpe mwalimu wako haki yake, maana mzee hasemi upuuzi. Kuna hatari, na nadhani ameiona ikiwapata watu anaowapenda. Okestra nyingi za muziki mwepesi hufanya mazoezi machache. Unapewa nota asubuhi, usiku uko jukwaani au mbele ya maikrofoni. Baada ya muda mtu anakuwa hodari wa kusoma papo hapo na anaacha kufanya mazoezi nyumbani, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha. Anajifunza sauti moja nzuri inayokubalika na kila maikrofoni, na anaitumia kwa kila kitu. Anapiga akiwa na kisikilizi sikioni kinachomhesabia mapigo, mpaka mapigo yake ya ndani yanalala. Hilo ndilo analoliita kuzikwa. Hutokea pia ndani ya okestra za simfoni, ila huko hujificha nyuma ya majina ya watunzi.

Dawa yake inajulikana, na waliotuonyesha walikuwa wapigaji wa studio za filamu. Mwaka 1939, Hollywood, Felix Slatkin na mkewe Eleanor Aller walianzisha kwarteti ya nyuzi, yaani kundi la wapigaji wanne. Slatkin alikuwa kiongozi wa fidla wa okestra ya 20th Century Fox. Aller alikuwa kiongozi wa selo wa Warner Bros. Mchana walikuwa wakisoma muziki wa filamu waliouona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Muda wao wenyewe waliutumia kwa kwarteti. Rekodi zao za kwarteti za mwisho za Beethoven, zilizofanywa mwaka 1957, bado zinasikilizwa na wapigaji wanaotaka kujua usafi wa toni ni nini, na katika kipindi hichohicho walirekodi wakimsindikiza Frank Sinatra. Mshahara wa studio ndio uliowapa nafasi ya kufanya mazoezi ya Beethoven bila kuhesabu nani atalipia ukumbi.

Kwa hiyo, mwanangu, ushauri wangu ni ukubali, ikiwa daktari hakukataza na mkataba ni safi. Na siku utakayosaini, watafute watu watatu wa kupiga nao kwarteti, muweke siku ya wiki isiyohamishika. Hilo usilifanye jambo la baadaye. Ukisubiri uzoee kazi kwanza, hamtaanza.

Kuhusu mkataba, usione haya kuuliza. Uliza kila tamasha lina mazoezi mangapi. Uliza rekodi ikirudiwa redioni au ikiuzwa, wapigaji wanalipwa tena au malipo yameishia kwenye mshahara. Nyaraka nyingi hulipitia hilo kwa sentensi moja ndogo. Uliza nani anaamua mwisho wa mwaka wa majaribio, kondakta peke yake au na safu yako, na kama utaambiwa katikati ya mwaka unakwenda vipi. Uliza kama unaruhusiwa likizo bila malipo kwenda kufanya usaili kwingine. Wakilikunjia uso swali hilo, umejua jambo muhimu juu yao.

Uliza pia fedha zinatoka wapi. Okestra za namna hii ndizo huwa za kwanza kuguswa bajeti ikibana. Mwaka 1980 BBC ilipotangaza kuzifunga okestra zake tano, wanamuziki waligoma, matamasha yake ya kila kiangazi yaitwayo Proms yakakosekana mwanzoni mwa msimu, na hata baada ya mgomo si zote zilizopona. Metropole Orkest ya Uholanzi, iliyopo tangu mwaka 1945, ilitikiswa vibaya serikali ilipopunguza fedha zake mwaka 2013, na ikalazimika kutafuta njia nyingine za kuishi. Kwa hiyo jiunge na chama cha wanamuziki, na wanafunzi wako wawili watatu wa jioni usiwaache wote.

Na ulizia utakaa wapi jukwaani. Kwenye okestra ya muziki mwepesi, viola mara nyingi wana ngoma au tarumbeta mgongoni, na mpigaji wa tarumbeta hana nia mbaya, ndiyo kazi yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa ushindi mpiga viola wa Royal Opera House aliyeumizwa masikio mwaka 2012 katika mazoezi ya opera ya Wagner, akiwa amekalishwa mbele ya wapiga ala za shaba. Mwajiri alikata rufaa na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakataa kubadili uamuzi wa msingi. Muulize meneja kama sauti imewahi kupimwa kwenye viti vya viola, na kama wanatoa vizibo vya masikio vya wanamuziki vilivyotengenezwa kwa kipimo cha sikio lako. Vile vya sponji vinafunga sauti za juu, utajikuta unabonyeza upinde ili ujisikie, na mkono wako wa kulia nao utaanza kuuma.

Je, ukiingia hutoki? John Barbirolli alikuwa mpiga selo London. Katika ujana wake alipiga kwenye majumba ya sinema, ya ngoma na ya maigizo, kokote palipokuwa na kiti. Mwaka 1936 alikuwa anaongoza New York Philharmonic. Sikuahidi hayo. Nakuambia tu kwamba pazia la usaili halijui ulikuwa unapiga wapi jana. Liliwekwa ili lisijue, na Boston walianza kulitumia mwaka 1952. Kamati itasikia Scherzo yako na hapo tu. Tena utakwenda ukiwa umelala usingizi, ukijua kodi imelipwa, na hilo husikika kwenye upinde. Kwa hiyo okestra ile kubwa ikitangaza nafasi tena, jaza fomu.

Rafiki yako mtafute. Hakuna sababu ya kujilazimisha kusikiliza redio, lakini yeye anajua raundi ile ya mwisho ilivyokuwa kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na huenda anakukosa. Tena anaweza kuwa mmoja wa wale watatu wa kwarteti.

Sasa mwalimu. Usimpigie simu tena. Mambo haya kwenye simu yanaharibika. Nenda kwake, umsalimie kama siku zote, na usimwombe ruhusa, kwa sababu akikataa utamkosea zaidi kwa kuomba kisha kupuuza. Mwambie, "Mwalimu, nimeamua kuikubali kazi. Ulichosema kuhusu sauti yangu nimekisikia, na nakuomba unisaidie isipotee. Naomba nije kila baada ya miezi mitatu nikupigie, na uniambie ukweli." Mpe kazi ya kufanya. Mtu aliyekufundisha bila ada hakufanya hivyo ili akumiliki. Anaogopa kuona kazi yake ya miaka yote ikiyeyuka asiweze kufanya lolote. Anaweza kununa mwezi mzima. Mwache anune, na tarehe ikifika nenda na viola yako.

Mumeo mwambie kuhusu mkono leo jioni, kabla hujalala.

Wako,
Shangazi